Darasa la Mwalimu Waride Matopeni

Mwalimu Waride alizaliwa Mchukwi, nchi kavu, kwa watu wa mihogo na korosho. Siku alipokuja kuanza kazi kwetu deltani, upande wa Salale, alishuka kwenye boti na viatu vya kisigino. Hatua ya pili tu, chali kwenye tope! Watoto wa shule walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwingine angelia. Yeye alivua viatu, akawaambia, "Haya, nifundisheni kutembea."

Mimi nafundisha naye shule moja, na sijapata kuona mwalimu mbishi kama huyu.

Katika darasa la tatu alilopewa alimkuta Muzdalifa, binti wa Sadala mvuvi wa kaa. Mtoto hasomi, haandiki, hasemi. Ukimpa daftari anaganda. Shule aliyotoka alichekwa na kuchapwa kwa makosa yake, na kila kosa lilibaki pale kwenye karatasi na wino wake mwekundu. Sadala alikwisha kusema kwamba shule zikifungwa binti hajajua kusoma, anamtoa, akakae kwa shangazi yake kumenya kamba wa kuuza. Mtoto wa miaka tisa! Nilikasirika, lakini sikujua la kufanya.

Waride hakukubali. Alisema Muzdalifa naye alikuwamo katika waliomcheka siku ile ya boti, kwa hiyo sauti anayo, ila ameificha. Basi akangoja maji yakupwe, akalitoa darasa zima mpaka kwenye matope kando ya mikoko, kila mmoja na kijiti chake.

"Tazameni kitu, kisha niandikieni hapo chini mlichokiona. Ukikosea usijali. Maji yakijaa yatafuta."

Siku ya kwanza Muzdalifa aliandika herufi moja, akaipangusa kwa kisigino, akaiandika upya. Hakuna aliyemkaripia. Baadaye akaandika neno. Hata watoro wetu sugu walianza kuja mapema wasije wakaachwa, na maswali waliyorudi nayo kuhusu mizizi na samaki yalinifanya mimi mwenyewe nikapekue vitabu.

Wazazi wakaja juu. Sare zinarudi nyeusi, nani wa kuzifua? Sadala ndiye aliyewatangulia.

"Mwalimu, sie twashinda matopeni ili watoto watoke matopeni. We wawarudisha?"

"Njoo utazame, baba Muzdalifa."

"Sina cha kutazama. Kesho namchukua mwanangu."

Nilimchukia, ingawa mtu aliyebanwa vidole na kaa tangu ujana wake, ukimsikiliza vizuri, hakuwa anasema upuuzi.

Kweli kesho yake akaja kule matopeni, na wenzake watatu nyuma, wamekunja sura. Alikata moja kwa moja katikati ya watoto, akielekea alikochuchumaa binti yake.

"Baba, simama! Usikanyage!"

Tuligeuka sote. Sauti ile hatukuwa tumeisikia hata siku moja. Sadala alibaki na mguu mmoja juu.

"N'nini hapo?"

"Nimeandika."

"Soma basi."

Muzdalifa alikuwa akitazama vile vikaa vidogo vya matopeni. Akasoma, polepole, kidole kikifuata maneno: "Kaa dume ana gando moja kubwa. Kaa jike ana magando mawili madogo."

Sadala aliurudisha mguu nyuma taratibu.

"Hebu rudia."

Akarudia, sasa kwa sauti ya kujidai. Watoto wakashangilia na kurusha vijiti. Waride alikuwa anafuta machozi kwa mkono wenye matope, uso mzima umechafuka, hana habari.

Wale wenzake Sadala walikuwa bado wanakuja, hawajui lililotokea. Sadala akawageukia, akatanua mikono yote miwili kuwazuia.

"Ebo! Zungukeni kule! Hamuoni mwanangu kaandika hapa?"