Magoti ya Mkunga

Fundi saa alikubali kuuza nyumba ili yeye na mkewe wahamie botini moja kwa moja, lakini mikono yake ilikuwa haijakubali. Kwa miaka thelathini na minane ilizoea meza isiyotikisika. Boti nayo haitulii. Kama asingeweza kutengeneza saa humo, wangekosa riziki na safari yote ingekufa.

"Basi tujaribu hapahapa," alisema mkewe, mkunga mstaafu. Akakaa ng'ambo ya meza, akawa anaiinua na kuishusha kwa magoti, taratibu.

Parafujo ndogo kama chembe ya mchanga ikadondoka. Ya pili nayo ikaenda zake.

"Mama wee, unanitesa!"

"Mimi tena? Kwani bahari itakubembeleza?"

Siku ya tisa fundi aliweka kibano chini. "Mke wangu, nisamehe. Tubaki nchi kavu."

Magoti ya mkewe hayakukoma. "Unashindana na meza, mume wangu. Kina mama niliowazalisha niliwaambia hivi: uchungu ukipanda, pumua tu, uache upande. Wimbi nalo likifika juu hutua kidogo kabla ya kushuka. Hapo ndipo pako."

Fundi akashika kibano tena, safari hii bila haraka. Meza ikapanda, ikatua, ikashuka. Akaiacha ipite mara mbili. Mara ya tatu, ilipotua, parafujo ikaingia mahali pake na kukaa sawasawa.

Hakuinua macho.

"Tikisa zaidi," alisema.