Kila Alasiri Dada Yangu Alikuwa Mume Wake

Watu wa ploti yetu pale Bulla Pesa wanasema mimi ndiye niliyemlaza shemeji yangu chini. Akina mama wakija kununua maziwa kwangu sokoni wananitania, wananiita kamanda, na mimi nacheka nao kwa sababu kuwaeleza ukweli ni kazi ndefu. Lakini si mimi niliyemlaza. Mimi siku ile nilipigwa kama burukenge.

Yote yalianza na sikio. Dada yangu alikuja kwangu mchana mmoja ameushikilia mtandio upande wa kushoto wa uso, na alipouachia nikaona sikio limechanika kutoka tundu la hereni mpaka chini. Mume wake alikuwa ameivuta hereni. Chai ilikuwa imepoa, basi. Shemeji yangu ni dalali wa mbuzi kwenye soko la mifugo, mtu wa maneno matamu, na nje ya nyumba yake hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

Mara mbili dada alikuwa amekimbilia kwa baba yetu kule Leparua, na mara mbili baba alimrudisha, tena kwa upole, kwa maneno ya subira. Mara ya pili alirudishwa mbavu zikiwa bado zinamuuma akipumua. Nilimchukia baba siku ile na mpaka leo sijamaliza kumchukia. Safari hii dada hakwenda Leparua. Alikuja kwangu, kwenye chumba kimoja cha mabati, na sote wawili tulijua kwamba mume wake atamfuata. Alikuwa ameshamwambia: ukitoroka tena, nakuzika. Dada alinieleza maneno hayo huku ninamwosha damu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari. Habari ya polisi hakutaka hata kuisikia. Na mimi nilimwamini shemeji. Mtu anayerarua sikio kwa sababu ya chai hatishii bure.

Basi nikaamua nitajifunza kupigana. Nikikumbuka sijui nicheke au nilie. Mjini kuna kijana anayefundisha watoto karate. Nilipomwendea, aliliangalia jilbabu langu kutoka juu mpaka chini akasema, "Mama, wewe leta mtoto nimfundishe." Na hata angenikubali, nani wa kwetu angeniruhusu nilazwe kwenye mkeka na mwanamume wa watu ananikaba shingo? Kwa hiyo mwalimu wangu akawa simu. Asubuhi nilipokea maziwa ya ngamia kutoka kwa bodaboda za malishoni, nikayanusa, nikayaonja, nikapakia mitungi kwenye basi la Nairobi. Alasiri nilifunga mlango, nikasimamisha kitanda ukutani, nikafungua video. Aliyekuwa akifundisha alikuwa mzungu mwenye kifua kipana. Sauti nilizima ili majirani wasisikie, nikawa nafuata mikono yake tu.

Nilikosea kila kitu. Nilijaza gunia mchanga kutoka Burat, nikalining'iniza kwenye boriti, nikalipiga ngumi kwa hasira zangu zote. Kifundo cha mkono kikavimba hadi nikashindwa kuinua mtungi. Sikujua kwamba gunia la ngumi hujazwa kitu laini. Nani angeniambia? Mateke nayo yaliishia ndani ya dera. Isitoshe, yule mzungu alirudi nyuma hatua mbili kabla ya kila teke, na katika chumba changu ukirudi nyuma hatua mbili umekalia jiko. Nikaachana na mateke.

Kilichobaki ni kujifunza kujinasua ukishikwa. Hapo nilihitaji mtu wa kunishika, na mtu alikuwa mmoja tu.

Mwanzoni dada alinishika kwa uoga, kama anayeogopa kunivunja. Nikamfokea. Siku moja alichukua simu, akaitazama ile video mpaka mwisho, akasonya.

"Huyu anadanganya," alisema. "Mtu hakushiki hivi kwa mbele, mikono mbili, halafu anangoja utoke. Kwanza anafunga mlango. Halafu anaongea pole pole. Ukifikiri imeisha, ndio anashika nywele."

"Basi nishike hivyo."

Akanishika. Wallahi, nilikuwa nimepiga magoti kabla sijajua kilichotokea. Alikuwa amezungusha nywele zangu kwenye ngumi yake na goti lake limenikita mgongoni. Kisha mkono ukaja kooni kutoka nyuma, kiwiko chini ya kidevu, na mkono wa pili ukasukuma kichwa changu mbele. Macho yalianza kuingia giza. Nikampigapiga mkononi kama video ilivyoonyesha: ukizidiwa, unapigapiga mkono wa mwenzako, naye anaachia. Akaachia.

"Hivyo ndio anafanya, abaayo," alisema, akakaa sakafuni. Abaayo ndivyo tunavyoitana, mtu na dada yake. Alikuwa anahema kuliko mimi.

Kuanzia hapo simu ikakaa pembeni. Kila alasiri dada yangu alikuwa mume wake. Alinionyesha kofi la kurudi, lile linalokuja na nyuma ya mkono ukiwa umeshageuza uso. Alinionyesha jinsi anavyokukanyaga mguu ili usikimbie, na jinsi anavyokugonga kichwa kwenye nguzo, si kwenye bati, kwa sababu bati lina kelele. Kila alichonifanyia alikuwa amefanyiwa, na alikumbuka hata mpangilio wake. Niliumia, nililia, nilimtukana mwanamume ambaye hakuwepo, nikasimama tena. Nilijaa alama mpaka wateja wakaniuliza kama nimeolewa kimyakimya.

Nilijifunza kidogo. Kuinama, kuuma, kushusha kidevu ili koo lisipatikane kirahisi. Nikamwambia dada tubadilishane, na yeye ajifunze kujinasua. Nilipomgusa nywele tu alikakamaa mwili mzima, jasho likamtoka, nikamwachia haraka.

"Mimi nitashika tu," alisema. "Wewe ndio utapigana."

Nikakubali, mjinga mimi. Nilifikiri kuna mwanafunzi mmoja katika kile chumba. Tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa anajifunza kukaba.

Shemeji alikuja Ijumaa moja baada ya swala, amevaa kanzu nyeupe, ananukia marashi. "Salaam aleikum," alisema, akaingia bila kukaribishwa. Kisha akafunga mlango. Nilimtazama dada yangu, naye alikuwa ameshajibana kwenye pembe ya kitanda.

"Chukua nguo yako twende," alimwambia, kwa upole kabisa. "Mimi sina hasira. Mambo imeisha."

"Haendi," nikasema.

Alitabasamu. "Wewe uza maziwa, shemeji. Hii ni maneno ya mtu na bibi yake."

Alipomsogelea dada nilimpiga. Ngumi ilimpata puani, damu ikadondoka kwenye ile kanzu, na nakiri nilifurahi kuliko siku nyingi za maisha yangu. Furaha yenyewe haikukaa. Aliniangalia kana kwamba ndiyo kwanza ananiona, na yote niliyojifunza yakanitoka. Kofi likaja, nikageuza uso, na lile la kurudi likanikuta palepale nilipoambiwa litanikuta. Alinishika nywele, akanipeleka kwenye nguzo. Nilisikia jino likivunjika kabla sijasikia uchungu. Akanipeleka tena. Nilianguka juu ya mitungi mitupu, akanifuata na teke la tumbo, na jingine, na jingine, na kanzu yake ilikuwa inanipiga usoni kila mguu ulipopanda. Nikajua huyu hataacha, na akinimaliza mimi ni zamu ya dada.

Halafu mateke yakakoma. Dada yangu alikuwa mgongoni mwake. Kiwiko kilikuwa chini ya kidevu, mkono wa pili unasukuma kichwa mbele, miguu imemzunguka kiuno. Shemeji alizunguka naye chumba kizima. Alimbamiza kwenye mabati, ploti nzima ikasikia, akambamiza tena, na yeye hakuachia. Alimkwaruza mikono mpaka ngozi ikatoka. Akaenda chini kwa magoti, kisha kifudifudi, na mkono wake ukaanza kupigapiga mkono wa dada. Hakuna aliyemfundisha. Mwili wenyewe ulikuwa unaomba. Dada aliutazama ule mkono na najua aliuelewa, kwa sababu ulipokuwa wangu alikuwa akiachia kila mara. Akakaza.

"Wachilia," nilisema. Mdomo ulikuwa umejaa damu. "Dada, wachilia."

Mkono wa shemeji ulilegea sakafuni. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya ini. Majirani walikuwa wanagonga mlango na dada bado anakaza, kimya, macho yametulia, hana hasira hata kidogo. Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa yale mateke. Nilitambaa mpaka kwake, nikajaribu kumbandua vidole, nikashindwa. Mwishowe nilimng'ata mkono, kwa meno yaliyobaki, mpaka nikaonja damu yake pamoja na yangu. Ndipo akaachia.

Shemeji alikoroma, akatapika, akapumua. Mlango ulipovunjwa walimkuta amelala, mimi nimesimama juu yake natokwa damu, na dada amekaa kando anajifunika kichwa. Wakajiamulia wenyewe nani amefanya nini.

Baadaye wazee wakaja, wa upande wake na wa kwetu, baba yangu akiwa kati yao. Walileta talaka. Mume alikuwa amemwacha na hakutaka tena kumwona. Tulikaa kwenye mkeka, nikawapa chai ya maziwa. Mmoja wa wazee wa shemeji alinigeukia, nusu mzaha.

"Binti, sasa tuambie. Wewe ulitaka kumshtua tu, ama ulitaka kuua mtoto yetu?"

Dada alinitangulia. "Si huyu," dada alisema. "Ni mimi nilimkaba. Na nilitaka kuua."

Baba aliinamisha kichwa. "Mungu alikuzuia, binti yangu," alisema. "Alhamdulillahi."

"Ni huyu alinizuia," alisema dada, akanielekeza kwa kidole.

Niligeuka nikitafuta shukrani usoni mwake, hata kidogo tu, kwa sababu nilidhani nilikuwa nimemwokoa na jela na dhambi. Haikuwepo. Alinitazama mimi, kisha baba aliyemrudisha mara mbili, na jicho lilikuwa lilelile kwa sote wawili.