Mkono Nilioinulia Fidla

Hii niwasimulie nikiangalia chini, maana kule kwetu Karurumo bado kuna kina mama wakiniona wanakohoa kwa makusudi.

Nafanya kazi Embu mjini, lakini Jumapili moja kwa mwezi nampeleka Mama kanisani, mama ambaye ameniombea niokoke tangu nianze kuota ndevu. Asubuhi hiyo nilikuwa nakamua huku nasikiliza sonata yangu ya fidla na piano (ndiyo, mimi na ng'ombe wa Mama tunaijua yote), naye akaniita twende kabla sehemu ile ya polepole haijaisha. Nikajiambia, si niimalizie tu kanisani, kidude kimoja cha kusikilizia simu kwenye sikio la upande wa ukuta, nani ataona?

Basi mhubiri akasema watu wote wafunge macho. Nikafunga, tena kwa utiifu. Kuna mahali fidla inanyamaza, piano inabaki peke yake inauliza, inauliza tena, halafu fidla inarudi chini kabisa na sauti moja ndefu, na hapo mkono wangu huinuka wenyewe. Ukainuka. Kumbe mhubiri alikuwa ametoka kusema, "Anayetaka kumpokea Bwana leo, ainue mkono."

Nikashtukia nimeshikwa mabega na wazee wawili wa kanisa, napelekwa mbele, na Mama anapiga vigelegele huku analia, "Nyaga mwanangu! Mungu, nimeona!" Mngekuwa nyinyi mngesema nini? Mimi nilinyamaza. (Hapo ndipo nilipokosea, mkono hauna lawama.)

Mhubiri akaniwekea mkono kichwani, akanitikisa kwa nguvu za Roho, kidude kikaanguka. Akainama kukiokota, maikrofoni bado mkononi, na fidla yangu, nyembamba hivyo hivyo, ikasikika kwenye spika zote.

"Ni nini hii, ndugu?"

"Ni... ni muziki tu, pastor."

Kanisa lote lilicheka, hata wanakwaya. Vigelegele vilikuwa vimekatika.

Njiani Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alitangulia, Biblia kwapani, na tulipofika langoni akasema bila kugeuka, "Na mimi nilikuwa nimeshamshukuru Mungu."

Siku hizi kabla ya kanisa simu naiacha mezani kwa Mama, aione. Na sonata yenyewe siifikishi mwisho tena. Fidla ikinyamaza pale, nasikia vigelegele vya Mama, nazima.