Mkono Chini ya Mto wa Kapteni

Sisi tuliokulia Manibe, nje ya mji wa Arua, kabla ya pikipiki kujaa barabarani tunaijua harufu ya punda aliyeloa. Ilikaa kwenye nguo zetu na kwenye nywele, na darasani mwalimu alifungua dirisha tulipoingia. Hatukuona aibu. Mtoto aliyenuka punda alijulikana kwamba kwao kuna muhogo wa kuuza.

Punda wetu aliitwa Kapteni. Mama alimnunua sokoni Koboko mwaka aliofariki baba, akatembea naye kwa miguu hadi nyumbani. Tulimpa jina hilo kwa sababu alitembea kama askari mstaafu, taratibu, bila kumsikiliza mtu. Alibeba muhogo mkavu hadi Arua, nasi tukafuata nyuma tukitafuna simsim iliyokaangwa, miguu myekundu kwa vumbi.

Mzigo ulikaa juu ya mto alioushona mama: magunia mawili ya nyasi kavu yaliyounganishwa kwa kamba, katikati yakiacha mfereji. Mfereji ule ulipita juu ya mfupa ulioinuka pale shingo inapokutana na mgongo, ili mfupa usiguswe na chochote. Kazi yangu ilikuwa kuukung'uta mto, kuung'oa miiba, kuuanika, kisha kupitisha mkono kwenye mfereji mzigo ukishafungwa. Mkono ukipita, twende. Ukikwama, mzigo unashushwa hata kama jua limepanda. Nikinung'unika, mama alisema, "Punda haiko na mdomo, Candiru. Mdomo yake iko wewe."

Siku moja niliuacha mto nje nikicheza kwepena, tukirushiana mpira wa matambara, mvua ikaukuta. Asubuhi ulikuwa bado umeloa. Nilimwonea Kapteni huruma, nikakunja blanketi kuukuu mara nne nikaliweka kati ya mto na mgongo wake. Sikupitisha mkono. Kitu laini vile kingemuumiza vipi?

Kumbe blanketi ndilo lililoujaza mfereji. Tuliporudi kutoka Arua, manyoya yalikuwa yametoka pale kwenye mfupa, sehemu ya ukubwa wa kiganja, ngozi nyekundu na ya moto. Nilijua kosa ni langu. Lakini Ijumaa tulikuwa tuende Koboko kwa shangazi, Kapteni akitubebea mizigo, na safari ile nilikuwa nimeingoja tangu palizi. Nikakifunika kidonda kwa blanketi lilelile, nikanyamaza siku tatu. Kapteni akipakiwa, ngozi yake ilitetemeka, nami nikatazama pembeni.

Alhamisi mama aliona inzi. Alilifunua blanketi, akainama kukitazama kidonda. Kaka yangu Drani alisema punda atakufa, na muhogo wote nibebe mimi. Mama akamjibu kwamba tutabeba wote. Alichemsha maji ya chumvi, akayaacha yapoe, akaosha. Nilipoleta kitambaa safi cha kufunika alikirudisha. Alipaka mafuta ya shea pembeni tu mwa kidonda. "Kidonda inataka hewa na siku," aliniambia. "Hewa iko. Siku tutabeba sisi."

Koboko hatukwenda. Msimu ule mzima tulibeba muhogo kichwani hadi Arua, na wenzangu njiani wakaniuliza, "Candiru, punda iko wapi? Ama punda iko wewe?" Asubuhi na jioni niliosha kidonda. Hakuna aliyempakia Kapteni kitu mpaka ngozi ilipofunga na manyoya kuota. Yaliota meupe. Alikaa na doa lile hadi alipozeeka, na kila nilipopitisha mkono nililiona.

Mwaka huu mama aliugua, akalala kitandani, hakuinuka tena. Wanangu ni vijana wa siku hizi, wanaofuta kiti cha boda boda kila nusu saa kana kwamba ni mtoto mchanga. Walileta kutoka Arua godoro laini na mablanketi mawili mapya, wakasema bibi sasa analala kama malkia. Nami nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Niseme ukweli: zilipita siku ambazo sikumgeuza. Nilimwona katulia juu ya vitu laini, nikaenda kukaa nje.

Siku nilipokumbuka kupitisha mkono chini ya kiuno chake, ulikwama. Nilihisi joto kabla sijaona chochote.

"Mkono inapita?" mama aliuliza. Sikudhani angekumbuka.

"Haipiti, mama."

"Basi shusha mzigo."

Niliyavuta mablanketi, nikamlaza ubavu, nikakiona kidonda, nikachemsha maji ya chumvi. Tangu hapo nilimgeuza kila mara, na wanangu nikawafundisha kupitisha mkono. Walijifunza vizuri, kwa upole ambao mimi sikuwa nao kwa Kapteni. Lakini tulichelewa. Wiki tatu baadaye tulimzika.

Sasa kutoka hapa hadi Arua ni safari fupi ya pikipiki, na watoto bado wanalalamika kwamba wamechelewa. Sisi tulitembea asubuhi nzima na muhogo kichwani, msimu mzima, tukimngoja punda apone, na sikumbuki mama akisema hatuna muda. Kidonda cha Kapteni kilingojwa, kikaota manyoya meupe. Cha mama kilikuwa bado kibichi nilipomwosha mara ya mwisho.