Folda Iliyorukwa

Mzee Ogola alipofariki, kazi aliyoianza iliangukia mikononi mwa Lornah. Yeye na Mzee walikuwa wakifanya kazi wawili tu katika chumba cha kompyuta cha ushirika wa wavuvi, mjini Kisumu, mwaka ule wa mvua za El Nino. Seva yao ilitumia mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na kila umeme ulipokatika ghafla mafaili yalivurugika. Mfumo mpya ulikuwa imara zaidi. Ila ili kuuweka, Ogola alikuwa ameamua data yote ihamishiwe kwanza kwenye kompyuta ya pembeni, diski ya seva ifutwe kabisa, kisha data irudishwe.

Lornah alinakili folda moja baada ya nyingine mpaka akafika kwenye ile yenye jina la Ogola. Enos, karani wa mapokezi, alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Hiyo usiguse."

"Ni mafaili tu, Enos."

"Ni vitu vya mtu. Vitu vya mtu havishikwi kabla hajazikwa. Kwani kwenu hamkufunzwa?" Akacheka. "Haya, mhamishe Mzee bila ruhusa, uone kama hatakuja kukudai nauli."

Lornah naye akacheka, lakini mkono ulikwisha kuondoka kwenye kibodi. Baba yake alipofariki, hata makoti yake yaliachwa ukutani mpaka alipozikwa. Akairuka folda ile, akijiambia ataichukua baada ya mazishi ya Jumamosi.

Jumamosi mazishi hayakuwapo. Mto Nyando ulivunja kingo, barabara ya Ahero ikafunikwa, na kaburi lililochimbwa nyumbani kwa Ogola likajaa maji. Mazishi yakaahirishwa. Mwenyekiti naye akaanza kuuliza seva itafunguliwa lini. Lornah alikagua kila alichonakili, faili kwa faili, akakuta vyote vimefika salama. Akafuta diski. Alichokiruka hakikuwa miongoni mwa vilivyokaguliwa, na hakikumjia akilini.

Kilimjia pale Milka, mjane wa Ogola, alipoingia ofisini viatu vikiwa na matope.

"Binti yangu, marehemu Baba Dorca alikuwa akiandika majina ya wazee wa ukoo humu kwenye kompyuta. Alizunguka vijiji vyote vya Kano akiwauliza wakongwe. Maji yamepungua, tunamzika kesho kutwa. Nataka yasomwe."

"Wale wakongwe bado wapo, Mama?"

"Wapi! Wamekwisha wote."

Lornah aliifungua seva huku akijua hatakuta kitu. Kwenye kanda za akiba, zilizohifadhi nakala za data, majina pia hayakuwamo. Ogola alikataa kutumia kanda za ushirika kwa mambo ya nyumbani kwake. Angeweza kusema ni umeme. Angeweza kusema diski ilikuwa kuukuu. Milka angeitikia, angemshukuru hata, na hilo ndilo lililomshinda.

"Mama, nimeyafuta mimi." Akaeleza yote, jinsi alivyoiacha folda kwa heshima na jinsi alivyoisahau. Jina la Enos hakulitaja. Mkono ulioiruka folda ulikuwa wake yeye mwenyewe.

Milka aliisogelea seva, akaigusa kwa kidole.

"Uliogopa kumsumbua."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi alikuwa akinisomea majina hayo jioni, nikichambua mboga. Nikamwambia, wewe na wafu wako, hebu niacheni nipike." Akajifuta uso kwa leso. "Ogola mwana wa Oduor. Oduor mwana wa Nyangweso. Nyangweso mwana wa..."

Lornah alikuwa ameshika kalamu. Alitamani mama huyu amtukane, amfokee mpaka Enos asikie kule mapokezi. Milka alivuta kiti akaketi karibu naye, magoti yao yakagusana.

"Ngoja," alisema, akafumba macho. "Litakuja."

Halikuja.