Kadi Moja ya Kipa

Seremala wangu hapa Ruiru amefungua makapeni nyeusi, ile kalamu ya wino mzito, na harufu yake imenirudisha kwenye ukumbi wa kanisa kule Gatongora, kwenye maonyesho madogo ya kadi za wachezaji wa mpira. Watoto tulibadilishana kadi kwenye mabenchi kwa kelele, na mbele alikaa kipa mmoja mstaafu akisaini kadi zenye picha yake kwa makapeni kama hiyo. Cucu, mama yake baba, ndiye aliyenipeleka baada ya mimi kumsumbua wiki nzima.

Tulipofika mezani ilikuwa imebaki kadi moja. Cucu, ambaye hakuwahi kutazama mechi yoyote, aliishika mikono ya kipa akaigeuzageuza.

"Wee! Mikono kama hii ingechuma kahawa," akasema. "Na mimi nataka kadi."

Nikaanza kulia. Kipa akacheka. "Cucu, ni moja tu. Niandike jina gani?"

Cucu akataja jina lake, ambalo ni langu pia, maana kwetu msichana hupewa jina la nyanya yake. "Andika hilo," akasema. "Litatutosha."

Njiani tulipokezana kadi, tukiinusa. Ilikaa miaka mingi kwenye kabati lake, ikiegemea vikombe vya wageni.

Seremala ameinama juu ya msalaba wa mbao wa kaburi. "Niandike jina gani?"

Nimemtajia. Ananijua tangu shule, kwa hiyo ameinua macho. "Si hilo ni lako?"

"Andika tu," nimemwambia. "Litatutosha."