Bomba la Maji Kwenye Gauni la Mwanangu

Binti yangu alipokaa mkekani, gauni lote kwa mbele lilinyanyuka likamfunika kichwa. Ikabaki hema nyeupe, chini yake miguu miwili ya mtoto wa miaka saba na chupi ya kijani. Ilikuwa maulidi ya chuo cha Kurani, kijiji chetu cha Somanga kizima kipo. Na humo ndani ya hema sauti ikaanza kusoma kasida.

Watu wakaangua kicheko. Simu zikatolewa. Nikakimbilia kulikandamiza; nikilibana mbele linanyanyuka nyuma, nikilibana nyuma linamrudia usoni. Mtoto anasoma tu.

Sasa niseme lilivyoanza, na wahusika niwataje.

Wa kwanza wifi yangu, shangazi yake mtoto, anayekaa Dar. Lakini kabla hajafika, mjue mimi mwanangu namvalisha. Nguo nafua, napiga pasi ya mkaa, nywele namsuka mwenyewe, mafuta mpaka magotini. Basi, inatosha. Mafuriko yalipotuchukulia nyumba nilikaa juu ya mkorosho na khanga moja, nikapiga kelele mpaka mtumbwi ukaja. Hakuna aliyeniuliza nimevaa nini. Kilichoniokoa ni sauti. Nikasema mtoto wangu naye nitamfundisha kuitoa yake.

Miezi miwili tuliisoma kasida ile. Mimi niliyeishia darasa la nne namshikia kitabu, nakosea, ananisahihisha.

Zimebaki siku mbili, wifi akafika. Akaliona gauni la maua nililolitundika msumarini.

"Wifi, hili la kwendea kisimani?"

"La kusomea kasida."

"Mtoto wa kike hasikilizwi, wifi, anaangaliwa. Niachie mimi."

Wa pili fundi cherehani. Wifi alimwonyesha kwenye simu picha ya gauni lililotuna kama kuba la msikiti. Fundi hakuwa na kitu cha kulitunisha, akachukua bomba jeusi la maji, akalikunja duara, akalishonea kwenye pindo. Nikamwuliza, "Fundi, atakaaje?"

Akanijibu na pini mdomoni, "Mama, hili halikaliwi. Linasimamiwa."

Na kwetu mtoto anasoma maulidi amekaa mkekani, hajawahi mtu kusoma amesimama. Tulijua wote watatu.

Siku ya maulidi mtoto mlangoni hakupita, tukamtoa kwa ubavu kama godoro. Kwenye bodaboda tukampakia mbele, pindo likapanda likamziba dereva uso. "Jamani, sioni barabara!" Wifi kule nyuma anamjibu, "Endesha, usilikunje!"

Wa tatu ustadhi wa chuo. Kila aliyesoma alipewa msahafu mdogo. Wangu akarudi mikono mitupu. Nikamfuata.

"Sikumwona akisoma," akaniambia.

Ustadhi, tangu lini kasida ikasikilizwa kwa macho?

Wa nne ni mimi. Zipu niliifunga mimi. Mdomo uliopiga kelele juu ya mkorosho ulinyamaza mbele ya wifi.

Tunarudi, mtoto akaniuliza, "Mama, nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Ulinisikia?"

Sikusikia hata neno. Nilikuwa napigana na bomba. Wifi naye alirekodi, lakini video aliyoirusha kwenye kundi la ukoo kaitoa sauti, kaweka muziki. Shangazi zake wote wamecheka, na hakuna mtu duniani anayejua mwanangu aliisomaje kasida ile.

Siku hizi akienda chuoni haniulizi tena kasida. Ananiuliza, "Mama, nguo imekaa vizuri?" Na akifika anasoma chini chini, wa pembeni yake hamsikii.

Ijumaa baada ya Alasiri nitatandika mkeka uani. Wifi, panda basi uje. Fundi, uje bila pini mdomoni. Ustadhi, uje na msahafu. Atavaa gauni la maua, atasoma mwanzo mpaka mwisho, na mimi nitakaa nanyi kimya. Akimaliza, kila mmoja wetu amjibu kwa mdomo wake, macho yake yakituangalia: siku ile alikosea wapi?